Spectrum ya mzee wa Nguba: kuitambua bodi, kutoa picha ya AV na kurudisha memori

Wandugu jambo, niliahidi kuwaletea habari za ile ZX Spectrum na sasa imefika mahali pazuri, acha niandike yote kabla sijasahau, nitafuata vile mambo yalikuja yenyewe.

Kwa wale hawajui: ni kompyuta ya nyumbani ya Sinclair, Uingereza, ilitoka 1982, ndani kuko Z80A ya 3.5 MHz na memori ya KB 16 ao 48, vibonye vya mpira, na unaichomeka kwa televizyo. Yangu mzee mmoja wa hapa Nguba aliinunua Nairobi wakati alikuwa anafanya kazi kule, akarudi nayo Bukavu, ikalala ndani ya kartoni mpaka juzi juzi. Transfo hakuna, kebo hakuna, lakini kasha safi kabisa na ile mistari ya rangi kwenye kona bado inang'aa.

Neno la kwanza kwa kila mtu anayepata moja: usichomeke transfo yoyote ile! Spectrum inataka volti 9, ampea 1.4, na MINUS njo iko katikati ya plagi. Hizi transfo za ruta tunazouziwa Kadutu karibu zote plus iko katikati, kichwa kinaingia vizuri kabisa, unaona imekubali, kumbe unaenda kuua transista na pengine memori pia. Nilichukua transfo nzuri ya volti 9, nikakata waya, nikageuza, nikapima kwa multimeta nikiwa bado sijaikaribisha kwa mashine, halafu nikabandika karatasi ya MINUS KATIKATI ili mtu mwingine wa nyumbani asiichanganye.

Kufungua ni skrubu 5 za chini. Polepole kwa kifuniko, kibodi imeshikwa na riboni mbili za plastiki, moja ya njia 5 na nyingine ya njia 8, na plastiki ya miaka 40 inavunjika kama jani kavu, unaishika karibu sana na soketi yake na kuivuta wima, hukunji.

Sasa bodi. Hapa njo penye utamu, juu kuna matoleo mengi ya bodi ya Spectrum (yanaitwa Issue) na watu wanafuata mchoro wa toleo lingine halafu wanashangaa vitu haviko mahali pake. Yangu imeandikwa ISSUE 3B kwenye bodi yenyewe, lakini mimi sipendi kuamini maandishi peke yake, niliangalia na alama zingine. Issue 1 inajulikana hata bila kufungua, vibonye vyake ni vya kijivu cheupe, zilizofuata zikawa za kijivu cha kuelekea bluu. Issue 2 iko na vizungushio vidogo vya kurekebisha rangi, VR1 na VR2, kwa Issue 3 hivyo vimeondolewa, na kwangu haviko. Sahani ya aluminiamu ya kupoza regulata (ile inayoshusha volti 9 kuwa 5) kwa zile za kwanza iko upande wa kulia, kwa Issue 3 imepelekwa nyuma, na yangu iko nyuma. Halafu ULA, ile chipu kubwa ya Ferranti inayotengeneza picha na kusoma kibodi: Issue 2 huwa 5C112E, kwangu imeandikwa 6C001E-7. Alama zote zinasema kitu kimoja. Na kuko jaribio moja la kuandika tu, nitalileta chini picha ikishatoka.

Mbele ya kugusa kitu chochote nilipima umeme. Memori ya chini, yaani KB 16 za kwanza, IC6 mpaka IC13, ni machipu 8 ya 4116, na hizo 4116 ni za zamani kweli, zinataka volti tatu tofauti: mguu 1 ni -5, mguu 8 ni +12, mguu 9 ni +5, mguu 16 ni masi. Ile -5 ikipotea na +12 ikabaki, chipu inapata moto na kufa, kwa hiyo ukiwasha Spectrum isiyojulikana pima hizo kwanza na weka kidole juu ya machipu. Zangu zote tatu zilikuwa sawa, nilifurahi mpaka nikaita watu wa nyumbani waje waone multimeta.

Picha sasa. Kile kisanduku cha chuma nyuma ni modyuleta, kinatoa ishara ya UHF chaneli ya 36 kwa mfumo wa PAL. Televizyo za zamani za hapa kwetu zilikuwa za SECAM, mfumo mwingine wa rangi, rangi hazingetoka, na hizi bapa za sasa zinahangaika kuikamata, ukiipata ni picha ya mavumbi. Lakini karibu zote ziko na tundu la njano la AV. Basi kazi ni kuipitisha video pembeni ya modyuleta. Kwenye modyuleta kunaingia waya mbili toka kwa bodi, moja ya +5 na moja ya video. Nilizitoa zote mbili kwa bodi, nikafungua kifuniko cha kisanduku, nikatenganisha mguu wa rezista inayokwenda kwa pini ya katikati ya tundu la nje, halafu nikachomelea kapasita ya 100 µF, plus kwa upande wa video ya bodi, minus kwa ile pini ya katikati. Basi. Sikutoboa kasha, sikutupa kitu, sikukata njia hata moja ya bodi, na mtu akitaka kuirudisha vile ilitoka kiwandani ni suala la dakika chache. Kwangu hiyo ni sheria, mashine kama hii hapa Bukavu sijui tutapata ngapi, na anayekuja nyuma yangu ana haki ya kuikuta nzima.

Nikawasha. Skrini nyeupe, chini maandishi meusi © 1982 Sinclair Research Ltd, herufi zimekaa wima, safi, bila kivuli. Nikaandika PRINT IN 254, ikanipa 191. Hilo njo jaribio nililosema: Issue 2 inatoa 255, Issue 3 inatoa 191, juu mzunguko wa tundu la kaseti uko tofauti na biti moja inasomeka kinyume, na kuna michezo ya mwanzo mwanzo ambayo kibodi yake inagoma kwenye Issue 3 kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733. Hii inakuambia memori inaishia wapi. Ya KB 48 inapaswa kusema 65535, yangu ikasema 32767, maana yake mashine inajiona ni ya KB 16 na ile memori ya juu haihesabu, ingawa machipu yake 8 yako pale. Wakati wa kuwaka, ROM (programu ya kudumu ya mashine) inapita memori yote ikiijaribu na inasimama mahali pa kwanza penye kosa. Nikaandika POKE 40000,0 (kuweka 0 kwenye anwani 40000) halafu PRINT PEEK 40000 (kuisoma tena), jibu: 8. Anwani zingine za juu, 8 tu. Nikaweka 247, ikarudisha 255. Kwa hiyo biti ya 3, ile yenye thamani ya 8, imekwama juu, haishuki, na kwa memori ya juu biti ya 0 iko IC15, unahesabu mpaka IC18. Nilipenda sana hapo, yaani mashine mgonjwa inakuonyesha yenyewe jino linalouma, bila osiloskopu, bila kitu.

Hizo za juu kwangu ni 4532 za Texas. Ni chipu za kilobiti 64 ambazo nusu moja ilikuwa mbovu tangu kiwandani, Sinclair akazipata kwa bei nzuri akatumia nusu nzima, na kwa bodi kuko kiunganishi cha waya kinachochagua nusu gani. Kutafuta 4532 hapa ni ndoto, lakini 4164 nzima inakaa pale pale bila kubadilisha kitu, na fundi mmoja wa redio Kadutu alikuwa na kadi ya memori ya kompyuta ya XT imejaa hizo 4164, tukaelewana. Ile ya zamani nilikata miguu yake yote 16 na koleo ndogo, nikatoa mguu mmoja mmoja kwa joto, ni njia nzuri kama huna mashine ya kunyonya risasi, juu njia za bodi hii ni nyembamba na ukivuta chipu nzima zinang'oka. Nikaweka soketi, nikaweka 4164, kura (umeme) ikakatika hapo hapo, ikarudi usiku, nikawasha: 65535.

Regulata ya 7805 nimeibadilisha na ile ya kisasa isiyotoa joto, miguu mitatu, inaingia mahali pale pale. Ya zamani iko kwenye mfuko ndani ya kartoni. Kapasita nimebadilisha pia, hapa tunapata za miguu chini tu na bodi inataka za kulala, unakunja mguu mmoja mrefu, unauvalisha plastiki, inakaa.

Michezo naipakia kwa simu, kebo ya sauti toka simu mpaka tundu la EAR (lile la kaseti), sauti juu kabisa, na ufunge arifa zote za simu maana meseji moja ikilia katikati unaanza upya. Kimebaki kibodi, mstari wa Q mpaka T haujibu, hiyo ni ile riboni ama karatasi yake ya ndani, nimeagiza mpya kwa mtu anayepanda Kigali. Nikishaipata nitaweka picha za bodi pande zote mbili, na wenye Issue 2 tafadhali wekeni zenu tulinganishe mahali waya za modyuleta zinaingia.