Wiki ya Mtiririko Mtupu

Novemba 2022, wiki chache baada ya Twitter kubadili mmiliki, seva yetu ndogo ya Mastodon, mtandao wa kijamii unaoundwa na seva nyingi zinazojitegemea, ilipokea wageni zaidi ya hamsini kwa siku tatu. Kufikia Jumapili wengi walikuwa kimya. Hatukuwalaumu: walifungua mtiririko wa machapisho wakaukuta mtupu.

Seva ya Mastodon haioni mtandao wote. Kwa kawaida huletewa machapisho ya akaunti ambazo walau mtu mmoja wa hapo anazifuata. Mgeni akitafuta hashitagi ya ushonaji kwetu, alipata machapisho mawili. Kwenye seva kubwa angepata mamia.

Jumapili hiyo jioni tukaunganisha rilei, seva inayopokea machapisho ya hadharani ya seva wanachama na kuyagawa kwa zote. Asubuhi foleni ya Sidekiq, programu inayotekeleza kazi za seva chinichini, ilikuwa imelundika maelfu ya kazi, majibu ya watu yakichelewa kwa saa kadhaa, na diski ikijaa picha za akaunti ambazo hakuna aliyezihitaji. Mtiririko ulifurika, na bado hakuna aliyezungumza na mwenzake. Tukaikata rilei, tukafuta picha za nje kwa amri ya tootctl, zana ya wasimamizi wa Mastodon.

Ndipo tukagawana mada, watu watano, kila mmoja akafuata akaunti arobaini zinazoandika kila siku. Toleo la 4.0 la Mastodon, lililotoka mwezi uleule, liliruhusu kufuata hashitagi, ila hilo halileti chochote ambacho seva haijapokea. Akaunti hutangulia.

Kwa wageni tulidai kwanza picha na wasifu, maana akaunti tupu haifuatwi. Kisha utambulisho wenye hashitagi tatu hadi tano, kila neno ndani yake likianza kwa herufi kubwa ili programu za kuwasomea wasioona zilitamke sawasawa. Utambulisho huo ubandikwe juu ya wasifu: seva ya mbali inapoiona akaunti kwa mara ya kwanza haivuti machapisho ya zamani, lakini yaliyobandikwa huyachukua.

Nasi tuliusambaza kila utambulisho siku hiyohiyo. Kupenda hakutoshi, kwani humfikia mwandishi tu. Kusambaza ndiko hulipeleka chapisho kwa wafuasi wako, hata walio seva nyingine. Chini yake tuliacha swali moja mahususi, kwa mfano, “Unatumia uzi gani kwenye kitambaa kizito?”

Alhamisi fundi mmoja aliyekuwa kimya tangu ajiunge alijibu swali hilo kwa aya tatu, na watu wa seva nyingine wakaanza kumbishia.