Kazi kwa Mtu Anayependa Kuandika Nasaha

Chini ya kitanda cha wageni nyumbani kwangu Morogoro palikuwa na maboksi mawili ya kijitabu nilichokichapisha kwa fedha zangu nilipokuwa bado mwalimu wa sekondari. Kilihusu kujitambua, kupanga malengo na kuishi kwa nidhamu, mambo ambayo wakati ule niliamini kwamba nayajua. Nilichapa nakala 500 kwa shilingi 3,500 kila moja, yaani shilingi 1,750,000, na fedha hizo zilikuwa mkopo wa SACCOS. Bei ya kuuzia ilikuwa shilingi 8,000. Duka la vitabu lilichukua asilimia 35, nikabaki na shilingi 5,200, na ukiondoa gharama ya kuchapa, kila nakala iliniachia shilingi 1,700 kabla sijalipa nauli ya kuifikisha dukani. Katika miaka miwili ziliuzwa nakala 212, nyingi kwa wanafunzi wangu wa zamani na kwa waumini wenzangu, ambao nashuku walinunua kwa kunionea haya.

Natanguliza hesabu hiyo kwa sababu vijana wanaonijia na daftari zao za nasaha huwa wanaziona kazi mbili tu mbele yao: kuandika kitabu cha hamasa, au kushika kipaza sauti ukumbini na kuitwa mhamasishaji. Wapo waliofika mbali kwa njia hizo. Eric Shigongo, kwa mfano, amewazungumzia vijana kuhusu maisha na biashara kwa miaka mingi, lakini alikuwa mchapishaji wa magazeti na mtunzi wa riwaya zilizosomwa na watu wengi, na jukwaa lake lilisimama juu ya msingi huo. Kijana asiye na msingi wowote anayetaka kuanzia jukwaani anafanana na mtu anayeezeka kabla ya kujenga ukuta, nami simshauri hivyo hata akiwa na sauti nzuri kiasi gani.

Ukweli ni kwamba uandishi wa nasaha ni kazi ya zamani katika Kiswahili kuliko wengi wetu tunavyodhani, na chimbuko lake linatuonyesha mahali kazi zake zilipo hata leo. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake Mwana Hashima maneno ya kumwongoza baada ya mama kuondoka duniani. Mwaka mmoja baadaye, 1859, Samuel Smiles alitoa huko Uingereza kitabu chake cha kuwahimiza watu wajiinue wenyewe, Self-Help, ambacho jina lake ndilo lililokuja kuwa jina la aina yote hii ya vitabu kwa Kiingereza. Sitaki kushindanisha, ingawa nakiri kwamba tarehe hizo hunifurahisha kila ninapozitaja darasani. Ninachokitazama ni kwamba mama yule alikuwa na msomaji mmoja mbele yake, aliyemjua kwa sura, tabia na hatari zilizokuwa zikimngoja, akamwambia hata namna ya kumhudumia mumewe na kuishi na watu wa nyumbani. Unaweza usikubaliane na mengi aliyomwagiza, lakini huwezi kusema kwamba hakujua anazungumza na nani. Kijitabu changu hakikuwa na msomaji wa namna hiyo, na karibu kila kazi nitakayoitaja hapa chini inamlipa mwandishi kwa sababu msomaji huyo yupo.

Kazi yenye nafasi nyingi kuliko zote, na inayosahauliwa kuliko zote, ni uandishi wa elimu kwa umma. Nchini Tanzania una historia ndefu. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakiwa na vitabu vyao na kiongozi wa kikundi, wakajifunza habari za malaria, minyoo, kichocho, kuhara na kifua kikuu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Kuna watu waliokaa wakaandika vile vitabu, wakapima kila sentensi ili mkulima aliyejifunza kusoma ukubwani aielewe, na majina yao hayakuwahi kuvuma. Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, ambao ndani yake dereva wa lori anayeitwa Mkwaju anaishi maisha ya kubadilisha wanawake hadi yanamfikisha kwenye UKIMWI, huku mkewe Tunu akijifunza polepole kusimama kwa miguu yake. Hakuna anayesimama katikati ya mchezo kumhubiria Mkwaju. Msikilizaji mwenyewe anamwona akielekea shimoni na kuanza kuhesabu hatua zake. Watafiti walipata hata namna ya kupima matokeo, kwa kuwa kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine mahali pa mchezo huo hadi mwaka 1995, hivyo waliousikia waliweza kulinganishwa na wasiousikia.

Kazi za namna hii zipo mpaka sasa, ila zimebadilisha mavazi. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, iliwafikishia wajawazito ujumbe wa bure kwenye simu, na ujumbe wa simu una nafasi ya herufi 160 tu, pamoja na nafasi tupu na alama. Mwandishi aliyezoea kurasa 12 za kumtia mtu moyo ajaribu kumwambia mama mjamzito, ndani ya herufi hizo, lini aende kliniki, aende na nani na kwa nini, bila kumtisha na bila kumdharau. Anayeweza kufanya hivyo anahitajika katika miradi ya afya, kilimo, lishe, akiba na mikopo, usalama barabarani na malezi, na anapoitafuta kazi hiyo asitafute tangazo lenye neno mwandishi, kwa maana mara nyingi tangazo litasema ofisa mawasiliano, mtaalamu wa mabadiliko ya tabia, au mshauri wa kuandaa kitini cha mafunzo.

Mimi niliingia kwa mlango wa kitini. Mradi mmoja wa vikundi vya kuweka akiba na kukopa ulihitaji mtu wa kuandika mwongozo wa kurasa 40 kwa ajili ya wanawake wanaouza samaki Bagamoyo, na mtu aliyekuwa amenunua kijitabu changu akanipendekeza, kwa hiyo siwezi kusema kwamba zile nakala 212 hazikunifaa kabisa. Rasimu yangu ya kwanza ilianza kwa sentensi niliyoipenda sana: nidhamu ya fedha ndiyo ufunguo wa mafanikio. Tulipokwenda kuijaribu mbele ya wahusika wenyewe, kwa kuwa ujumbe wa aina hii hujaribiwa kabla ya kuchapwa, mweka hazina wa kikundi kimoja, mama mtu mzima aliyekuja akiwa bado na magamba mikononi, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza kwa upole, «Sasa mwalimu, hiyo nidhamu naiweka kwenye kopo gani?» Wenzake walicheka, nami nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Sentensi iliyochapwa hatimaye inasema: ukifunga biashara jioni, toa kwanza mtaji wa kununulia samaki wa kesho, uufunge kwenye kitambaa chake peke yake, ndipo uhesabu kilichobaki na kukiita faida. Maneno hayo ni ya mama yule karibu yote; kazi yangu ilikuwa kuyasikia na kuyapanga. Malipo ya kitini hicho yalizidi yote niliyoyapata kwenye kijitabu kwa miaka miwili, tena sikudaiwa na mchapaji.

Mlango wa pili ni uhariri. Miswada ya nasaha inaandikwa kwa wingi mno, na watu wastaafu, viongozi wa dini, wafanyabiashara na walimu wanatafuta mtu wa kuisafisha kabla haijaenda kwa mchapaji. Kazi hii inamtaka mtu anayeipenda aina hii ya maandishi kwa moyo, kwa sababu mhariri anayeidharau atairekebisha tahajia na kuuacha mswada ukiwa umekufa. Mpenzi wa nasaha ndiye atakayemuuliza mwandishi swali gumu: umesema watu waamke saa kumi alfajiri, je, muuguzi anayetoka zamu ya usiku aamke saa ngapi? Jifunze pia usomaji wa prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, na kanuni za Kiswahili sanifu, na uwe na uelewa wa upangaji wa kurasa, maana mteja wa kawaida hatofautishi kazi hizo na atakukabidhi zote. Weka kwenye mkataba idadi ya mara utakazopitia mswada. Mimi niliwahi kupitia mmoja mara 7 kwa malipo ya mara moja, na kosa lilikuwa langu.

Karibu na uhariri kuna kuandika kwa niaba ya mtu mwingine. Mtu ana maisha yenye mafunzo lakini hana subira ya kukaa na kalamu, basi unamhoji kwa saa nyingi, unaandika, na jina linakuwa lake. Wengine wanaona hili ni jambo la aibu. Mimi naliona sawa na kazi ya fundi cherehani, ambaye hashoni jina lake kifuani mwa nguo ya mteja, mradi tu makubaliano yawe wazi na yaliyoandikwa yawe kweli ya msimuliaji. Ukikuta anataka umbunie umaskini ambao hakuupitia ili hadithi inoge, rudisha malipo ya awali na uondoke.

Ushauri nasaha nauweka peke yake, kwa kuwa hapa ndipo tunapokosea kwa gharama kubwa. Kuandika vizuri kuhusu huzuni hakukufanyi uwe mtu wa kumtibu mwenye huzuni. Mwaka wa pili wa kijitabu changu, msomaji alinipigia simu saa tano usiku, namba yangu ikiwa nyuma ya jalada, akaniambia kwamba amechoka kuishi. Nilimsomea aya yangu mwenyewe. Hadi leo naona haya kulisema hilo, na namshukuru Mungu kwamba mke wangu, ambaye ni muuguzi, aliichukua simu ile mkononi mwangu, akamuuliza yuko wapi na yuko na nani, akazungumza naye hadi ndugu yake alipofika, na asubuhi wakampeleka hospitali. Anayehisi kwamba wito wake uko huko, kwenye kukaa na mtu uso kwa uso, na asome. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama ipo tangu mwaka 1973, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilibuniwa kwa ajili ya watu kama sisi wenye ajira na familia. Mshauri aliyesomea kazi yake na ambaye pia anaweza kuandika hapatikani kwa urahisi, na shule, hospitali na waajiri wakubwa wanamhitaji.

Zipo nyingine ambazo sizijui kwa undani wa kutosha kuzieleza kwa kirefu: kutayarisha vipindi vya asubuhi vya redio, kuendesha mafunzo kazini, kusoma vitabu vya sauti, kutafsiri vitabu vya nje. Kuhusu tafsiri nitaonya jambo moja tu. Kutafsiri kitabu cha mtu aliye hai bila idhini yake na kukiuza ni wizi, hata kama kila mtu kando ya barabara anauza nakala za kutoa kivuli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inailinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na ulinzi huo unaanza pale kazi inapoandikwa, ingawa kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi wa mkononi ukija kuibiwa wewe.

Je, kitabu chako mwenyewe usikiandike? Kiandike, lakini kije baada ya kazi hizi, ukiwa umeshakaa na wauza samaki wako, na ukichape nakala chache kwanza, kwa maana mashine za kidijitali siku hizi zinakuwezesha kuanza na nakala 50 bila kukopa. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Mimi changu cha pili nimeshakianza, na kinakwenda polepole.

Yale maboksi mawili sasa limebaki moja. Nakala nazigawa kwa vijana wanaokuja kwangu kujifunza uhariri, kila mmoja na yake, wazikate kwa kalamu nyekundu bila kuniogopa. Juzi msichana mmoja aliufuta ukurasa wa 17 wote, wenye kichwa cha habari kuhusu ndoto kubwa, akaacha sentensi moja tu iliyokuwa imejificha katikati: ile niliyosema kwamba mama yangu alikuwa akificha ada yetu ya shule ndani ya gunia la mpunga, kwa sababu baba hakuwahi kupika.