Ndege Zinaruka

Mwishoni mwa Februari 2020 nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mmoja mjini Moshi, mama wa makamo ambaye kabla ya kusomea sheria alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya msingi kwa miaka mingi. Jumatatu moja asubuhi alikuja mwenye nyumba ya wageni akatueleza kwamba mgeni wake, Mjerumani mstaafu, yuko mahabusu tangu Ijumaa kwa tuhuma za ujasusi. Alikamatwa karibu na eneo lenye bango la kukataza kupiga picha, akiwa na darubini na daftari.

Nikiri kwamba nilipoliona daftari hilo nami niliingiwa na shaka. Kila ukurasa ulijaa mistari kama "CC 40, 07.15, N", bila sentensi hata moja. Maelezo yake ya onyo, ambayo mpelelezi alituruhusu tuyasome mezani kwake, yalikuwa mabaya zaidi. Mzee huyo alihojiwa kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, bila mkalimani, na aliyemhoji akaandika kile alichokisikia: "Mimi nahesabu ndege. Kila asubuhi ndege zinaruka, mimi naandika ngapi na zinakwenda wapi." Chini yake palikuwa na sahihi na dole gumba.

Mama wakili aliyasoma mara mbili, kisha akaweka kidole kwenye neno moja.

"Hii 'zi' ndiyo inayomfunga," akaninong'oneza. "Angesema 'wanaruka', leo angekuwa kwake anakunywa chai."

Watu hudhani kwamba utetezi wa tuhuma kama hizi huanza kizimbani. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, katika kifungu cha 3, inaweka kifungo cha maisha kwa ujasusi, lakini haimtii mtu hatiani kwa kuonekana tu karibu na eneo la ulinzi. Ni lazima awe na kusudi lenye madhara kwa usalama au maslahi ya Jamhuri. Tena mashtaka yake yanahitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba jalada halipandi juu likiwa na ile "zi" peke yake.

Jambo la kwanza aliloomba mama wakili ni ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, ujulishwe, kwa kuwa tangu Ijumaa hakuna aliyemwambia mzee kwamba ana haki hiyo. Mpelelezi alijibu kwa upole kabisa kwamba haki hiyo ni ya wezi na walevi, si ya majasusi.

"Afande, hoja hiyo ilishatolewa na Pakistan," mama wakili akasema, na akamsimulia kesi ya Kulbhushan Jadhav, raia wa India aliyehukumiwa kifo kwa ujasusi na mahakama ya kijeshi ya Pakistan mwaka 2017. Tarehe 17 Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa kura 15 dhidi ya 1, iliamua kwamba Pakistan imevunja ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, na kwamba tuhuma za ujasusi hazimwondolei mtu haki ya kuonana na maofisa wa ubalozi wake. Mpelelezi aliandika tarehe hiyo kwenye kiganja chake. Alasiri ubalozi ulipigiwa simu.

Kwa mama ntilie tulipokula mchana tuliulizwa kwa sauti ya juu kama tumekosa watu wa kutetea. Mama wakili aliendelea kula ugali wake. Baadaye, njiani, alinieleza habari za James Donovan, wakili wa New York aliyekubali mwaka 1957 kumtetea Rudolf Abel, jasusi wa Kisovieti, akatukanwa kwa barua na simu, lakini akamshawishi jaji asimuue mtu ambaye huenda siku moja angefaa kubadilishwa na Mmarekani. Na mwaka 1962 ndivyo ilivyokuwa.

Usiku huo tuliandika barua. CC ni Ciconia ciconia, korongo mweupe anayerudi Ulaya majira hayo. BR ni Balearica regulorum, korongo mwenye taji. N ni kaskazini. Mwishoni mama wakili aliuliza ni lini Moshi imepata kurusha ndege 40 za abiria saa moja na robo asubuhi.

Siku ya tisa mzee aliachiwa bila kushtakiwa. Kaunta ya kituo tulipewa orodha ya vitu vyake tutie sahihi: darubini moja, kofia moja, daftari moja la kuhesabia ndege. Nilikuwa nimeshashika kalamu, mama wakili akanizuia mkono. Alisimama pale, mzee akisubiri mlangoni, mpaka askari wa zamu alipoongeza "wa porini".