Kitabu kando ya kibodi: kuanza Python bila kujidanganya

Andika mistari hii mitatu kabla ya kununua kitabu chochote cha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta:

bei = input("Bei ya gorogoro: ")
idadi = 3
print(bei * idadi)

Iendeshe, kisha ujibu 120, kana kwamba uko soko la Kibuye unauliza bei ya gorogoro la mahindi, lile kopo la kupimia la kilo 2. Ulitarajia 360, unapewa 120120120. Kompyuta haijaharibika. Chochote kinachoingia kupitia input ni maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na maandishi yakizidishwa kwa 3 hurudiwa mara tatu. Dawa ni int(input("Bei ya gorogoro: ")), maana int hugeuza maandishi kuwa namba nzima. Sasa jibu 120/= jinsi bei zinavyoandikwa vibaoni, au 1,200 yenye mkato. Zote mbili zinakataliwa kwa ValueError, yaani kosa la thamani isiyofaa, maana int haijui kusoma mkwaju wala mkato.

Kitabu kitakueleza hayo kwa sentensi moja, nawe utatikisa kichwa na kufungua ukurasa unaofuata. Hapo ndipo msomaji anapojidanganya. Mfano uliokwisha kunyooshwa na mwandishi husomeka kama gazeti. Unaweza kumaliza sura sita bila kuona kosa hata moja, halafu mbele ya faili tupu vidole vikaganda.

Lakini anayebonyeza tu bila kitabu naye ana mtego wake, na kwa maoni yangu ni mbaya zaidi, kwa kuwa programu yake inakubali kuendeshwa. Mfano:

jumatatu = [120, 125, 118]
jumanne = jumatatu
jumanne.append(130)
print(jumatatu)

Bei ya Jumanne imeingia kwenye Jumatatu! Hakuna kosa lililotangazwa. Alama ya = haikutengeneza orodha ya pili; imeipa orodha ileile jina la pili, kama mtu mmoja anayeitwa Otieno kazini na Baba Akinyi nyumbani. Ukitaka nakala, andika jumatatu.copy(). Jambo hili mtu anaweza kulizunguka wiki nzima akidhani mashine ina majini, ilhali kitabu kizuri kinalimaliza kwa mchoro wa nusu ukurasa. Vivyo hivyo 0.1 + 0.2, inayotoa 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu humo. Ndiyo maana hesabu za pesa ni heri zifanywe kwa senti, kwa namba nzima.

Kwa hiyo kitabu kinunuliwe, ila kikaguliwe kwanza. Vitabu vya mitumba vina tatizo moja kubwa: vingi ni vya Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Fungua mfano wa kwanza. Ukiona print "Habari" bila mabano, au neno raw_input, kirudishe hata kama bei ni ya kutupa. Kwenye Python 3 ule wa kwanza ni SyntaxError, yaani kosa la muundo wa maandishi, na wa pili ni NameError, yaani jina lisilojulikana. Mgeni atadhani yeye ndiye mjinga.

Namna ya kuketi nacho ni hii. Soma kurasa mbili, si zaidi. Funga kitabu, andika mfano kwa kumbukumbu. Kabla ya kuuendesha, andika kwa kalamu kwenye daftari jibu unalolitarajia. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayofundisha: gunia la kilo 90, gorogoro la kilo 2, je, 90 / 2 itatoa nini? Ukiandika 45 umekosa, inatoa 45.0, kwa sababu / hurudisha desimali kila mara, na // ndiyo inayokupa 45. Baada ya hapo uharibu mfano makusudi: ondoa nukta mbili mwisho wa mstari wa for, ule wa kurudia kazi, futa nafasi nne za mwanzo wa mstari unaofuata, kosea herufi moja ya jina. Soma kila lalamiko kuanzia mstari wa chini kabisa, kwani aina ya kosa iko hapo, na namba ya mstari iko juu yake kidogo. Ukipewa SyntaxError kwenye mstari usio na kasoro, tazama mstari ulio juu yake. Huenda kuna mabano hayakufungwa.

Stima ikipotea jioni, kama kawaida ya Kisumu mvua inapoanza kunyesha, endelea na daftari. Kubashiri matokeo hakuhitaji umeme.

Wanaotumia simu, mathalani kwa Pydroid 3, programu ya kuendeshea Python kwenye Android, wana balaa la ziada. Kibodi ya simu hupenda kukuza herufi ya kwanza, na Print si print, zima usahihishaji. Alama za kunukuu zilizopinda, hasa ukinakili kutoka PDF, hazikubaliki. Python inataka zilizonyooka. PDF pia hula nafasi za mwanzo wa mstari, ukaishia na IndentationError usiyoielewa. Andika kwa mkono.

Na bando likiisha kabla hujakumbuka append hufanya nini, fungua Python yenyewe uandike help(list.append). Maelezo yamo ndani ya mashine. Yakijaza skrini na kugoma kuondoka, bonyeza q.