Siku moja gereji, Nyakato, Mwanza: chini ya boneti kumejaa oili, tunaanzia wapi?

Saa 1:30 asubuhi. Leo kuna Toyota IST, injini 1NZ-FE. Mwenye gari anataka injini ioshwe tu. Hatuoshi kwanza, kwa sababu uchafu ule ndio unaotuonyesha oili inatokea wapi. Injini ya miaka ishirini ikitoa jasho la oili kidogo tu, vumbi la Igoma na Buhongwa linanasa pale, likichomwa na joto linakuwa tope jeusi. Kwa hiyo tope likiwa jingi, usidhani lazima oili nyingi imepotea.

Saa 2:00. Tochi na tambara jeupe. Oili hushuka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Tafuta basi sehemu iliyolowa juu kabisa na mbele kabisa. Zilizo chini yake huenda zimechuruzikiwa tu. Angalia na rangi kwenye tambara: kahawia au nyeusi ni oili ya injini, nyekundu na nyepesi kwa kawaida ni ya gia boksi ya otomatiki. Utando mkavu wa kijani, waridi au mweupe karibu na mipira ya rejeta ni maji ya kupoozea yaliyovuja na kukauka. Hili la leo limelowa kuzunguka tapeti kava yote (kifuniko cha juu ya injini), na visima vya plagi, yaani matundu zinamokaa plagi, vina oili.

Saa 3:00. Sasa vali ya PCV, yaani ya kupumulia injini. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo maana gari linarudi baada ya muda mfupi na uchafu uleule. Gesi kidogo ya mwako hupenya ringi za pistoni na kuingia chini kwenye sampu, bakuli la oili. Vali ya PCV, iliyopo kwenye tapeti kava, inairuhusu ivutwe na manifodi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda, ikaungue tena. Ikiziba kwa ugando (oili iliyochelewa kubadilishwa, safari fupifupi za mjini), gesi inakosa njia, presha inapanda, na oili inasukumwa nje kupitia gaskiti na sili.

Tunaichomoa na kuitikisa: nzima hulia kwa ndani. Tunapuliza upande unaoingia kwenye kava, hewa ipite kirahisi. Upande wa manifodi ipite kwa shida. Ya leo iko kimya na haipitishi kitu. Ingekuwa nzima, na bado kifuniko cha kujazia oili kikifunguliwa injini ikiwa inanguruma kunatoka moshi kwa nguvu, tungeshuku ringi. Hiyo ni kazi kubwa ambayo gaskiti haiiponyi.

Saa 4:30. Sasa tunaosha. Injini iwe imepoa, waya hasi wa betri umetolewa. Alteneta, koili, sanduku la fyuzi na mdomo wa hewa tunavifunga kwa mifuko ya plastiki. Dawa ya kuondoa grisi, brashi, dakika 10, kisha maji ya presha ndogo. Petroli kamwe, mvuke wake unalipuka kwa cheche moja. Maji machafu yanakingwa kwenye beseni, kwa sababu mifereji ya mjini inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani tunakochota maji.

Saa 7:00. Ugali na sato, haraka.

Saa 7:30. Koili nne zinatoka. Oili ya kwenye visima tunaifyonza kabla ya kufungua plagi, isije ikaingia silinda. Boliti na nati za kava, spana namba 10. Gaskiti ya zamani imekuwa ngumu kama plastiki na imelala bapa. Mpira uliopikwa miaka yote hiyo haurudi kubana. Tunasafisha uso wa aluminiamu kwa kikwaruzi cha plastiki, cha chuma kinaacha mikwaruzo inayovujisha. Sili za visima vya plagi nazo zinabadilishwa.

Silikoni inawekwa pembe mbili tu, pale kava ya mbele ya cheni inapokutana na kichwa cha silinda. Kuzungusha silikoni gaskiti nzima ni kosa: inayozidi hukatika ndani, huanguka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Kaza kwa hatua, ukianzia katikati kwenda nje, mpaka Nm 10 kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Ukizidisha, kava inapinda na kuvuja upya. Vali mpya ya PCV inaingia, kisha tunaacha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Saa 10:30. Oili inapimwa kwenye dipstiki: kati ya alama mbili, isizidi ya juu. Ikibadilishwa pamoja na filta, injini hii inachukua lita 3.7. Tunapaka poda ya mtoto kuzunguka kava na mbele, chini ya sili ya kranki (mhimili mkuu wa injini), ili oili ikivuja ionekane, kisha gari linaenda Igoma na kurudi.

Saa 11:15. Poda ya kwenye kava bado ni nyeupe, kavu. Sili ya kranki imeacha doa dogo kwenye poda, bila tone. Hilo linaweza kusubiri, kwani presha iliyokuwa inaisukuma sasa imepungua. Oili ingekuwa inadondokea eksosi, gari lisingetoka leo, maana pale ndipo moto unapoanzia. Kilomita zinaandikwa kwenye daftari. Likifikisha 500 zaidi, lirudi tuipake poda tena sili hiyo.