Usiku wa Kitonga na watoto watatu

Nianze na sababu ya kusafiri usiku, maana mama yangu mzazi hadi leo hajalikubali jambo hilo. Mama mkwe wangu anaishi Tukuyu, mkoani Mbeya. Umri umeenda, na mguu wake wa kushoto haumruhusu tena kukaa kwenye basi kutwa nzima. Kitinda mimba wetu alikuwa ametimiza miezi 11, na bibi yake alikuwa anamwona kwenye simu tu. Kila akipiga anaomba aoneshwe vidole vya mtoto. Tunasogeza simu, picha inaganda, anasema, "Haya, nimeviona." Nilikuwa najua hajaviona.

Likizo ya baba watoto ilikuwa inaanza Ijumaa jioni, siku tisa tu, na kiyoyozi cha gari letu kilishakufa tangu Januari. Hata mwezi wa sita, bonde lile la kabla ya mlima Kitonga mchana linachoma. Mtoto wa miezi 11 afungwe mkanda kwenye kiti chake humo ndani saa sita za jua? Sikuweza kujishawishi. Usiku kuna hewa, na watoto wanalala. Tukakubaliana tutoke Mbezi, Dar es Salaam, saa mbili usiku, wakishakula na kuoga, wakiwa wamevaa nguo za kulalia na soksi.

Wa kati ana miaka minne, na yeye gari likianza kupinda tu tumbo linageuka. Zamani mama zetu walikuwa wanabeba rambo tano sita kwa ajili ya hilo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mimi nabeba kopo la siagi la kilo moja lenye mfuniko, nimelipanga ndani karatasi za gazeti. Ukishamaliza unafunika, harufu haitoki, unalimwaga mkisimama. Mama mwenye mtoto mtapikaji asidharau kopo la siagi. Vingine vilikuwa vya kawaida: chupa mbili za chai, moja ya uji, mayai ya kuchemsha, chapati, pampasi, poti, mashuka mawili na blanketi zito ambalo baba watoto alilicheka hapa Dar, ila tulipofika Makambako yeye ndiye aliyejifunika. Kwa bibi tulibeba nazi thelathini, dagaa na kitenge.

Jambo moja tulilisema kabla ya kuwasha gari, na tulilisema mbele ya mtoto mkubwa ili awe shahidi: kila baada ya saa mbili tunasimama, na anayehisi macho mazito anasema papo hapo. Wote wawili tuna leseni. Kama ningekuwa siendeshi, safari hii tusingeifanya usiku, na simshauri mtu mwenye watoto aifanye akiwa na dereva mmoja. Na kunyonyesha ni gari likiwa limesimama. Mtoto alilia mara mbili njiani kati ya Chalinze na Morogoro, na mara zote mbili tulitafuta kituo cha mafuta chenye taa tukaegesha. Tulichelewa karibu saa nzima. Sioni kama tulipoteza kitu.

Hadi Morogoro hakuna la kusimulia. Foleni Kibaha, malori yamejipanga Vigwaza kuingia mizani, vijiji na vibao vyake vya mwendo wa hamsini. Msamvu tulifika saa sita na ushee, watatu wote wamelala, wa kwanza mdomo wazi, amekumbatia nazi moja aliyoichagua mwenyewe kuwa ndiyo ya bibi.

Mikumi, kwenye hifadhi ya wanyama, nilimwamsha wa kwanza, kwa sababu nilimwahidi. Ana miaka saba, anajua kusoma, na alitaka kuliona lile bango la faini za kugonga wanyama ambalo baba yake alimwambia kwamba kila mnyama ameandikiwa bei yake kwa dola. Taa za gari zililipiga sekunde chache tu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mama, na mtu akigongwa ni bei gani?" Baba yake alipunguza mwendo ukawa wa kutambaa. Nilimjibu kwamba mtu hana bei, ndiyo maana baba anaenda polepole. Akaendelea kutazama nje.

Barabara inapita katikati ya hifadhi kiasi cha kilometa 50, na usiku unaviona vitu viwili tu: lami mbele yako na macho. Macho ya swala ni mengi na yako chini. Halafu tukaona gari la mbele limewasha taa za hatari, limesimama kabisa. Tembo. Sikumwona kichwa, niliona mguu, na mkonga ukigusa ukingo wa lami kama mtu anayepapasa swichi gizani. Nyuma yetu likaja basi la abiria, nalo likasimama. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 barabara hii haina upweke, lakini ndiyo maana ya kuwa macho zaidi. Tembo alivuka kwa wakati wake. Hakuna aliyepiga honi, na usiku huo niliwaheshimu madereva wote watatu, mume wangu akiwemo.

Ruaha Mbuyuni tulisimama saa kumi kasoro, wauza vitunguu wamelala pembeni ya magunia yao. Nikanyonyesha, tukanywa chai. Baba watoto akasema macho yake yako sawa, apandishe Kitonga mwenyewe, mimi nipokee Iringa. Nikamtazama vizuri usoni chini ya taa ya duka. Nikakubali.

Asiyeijua Kitonga: ni mlima ambao barabara imechongwa ubavuni mwake, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na malori yanayopeleka mizigo Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ya kwanza, moja nyuma ya jingine. Hatukuwa tumepanda mbali tulipoona matawi mabichi ya miti yamewekwa barabarani, moja, hatua kumi, jingine, hatua kumi, jingine. Wa kwanza akauliza nani ameangusha majani. Baba yake akamweleza kwamba hiyo ni lugha ya barabarani, maana yake mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo. Kabla hajamaliza, tukasimama. Mbele yetu taa nyekundu zilikuwa zimepanda mlima hadi juu zikapotea kwenye kona.

Utingo mmoja akashuka kutoka lori la mbele, kijana mwembamba, jaketi la mpira, ameshika jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto. Hakusema neno. Akaliweka nyuma ya tairi letu, akalisukuma kwa kisigino mpaka likakaa, akaleta la pili. Ndipo akaja dirishani.

"Shikamoo kaka. Dada, habari za safari. Lori limekata ekseli kona ya tatu, limelala katikati. Zimeni gari. Msishushe watoto upande wa bonde."

"Litatoka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mpaka kuche, dada."

Mpaka kuche kulikuwa na kusubiri kwa saa mbili nzima. Nilizoea kuisikia Kitonga kwenye taarifa ya habari, na kila nikisikia nilikuwa nawafikiria waliopata ajali. Sikuwahi kuwafikiria wanaosubiri. Mlima mzima ukazima injini. Ukawa kimya hivi kwamba nikausikia mto kule chini. Baridi ilianza kuingia kwa miguu. Mdogo akaamka na hakutaka kiti, wa kati akaamka akasema tumbo, na kopo la siagi likafanya kazi yake. Nikamfuta uso kwa maji ya uvuguvugu ya chupa, nikambadilisha fulana, nikamlaza mapajani. Jasho la mtoto aliyetoka kutapika lina harufu yake, kama maziwa na shaba. Nilimwinamia nikabaki pale.

Nikamwita yule utingo nikampa chai na chapati mbili. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, bado amesimama. Akachungulia kiti cha nyuma. "Huyu wa ngapi?" Nikamwambia wa tatu, miezi 11, tunampeleka akaonwe na bibi yake Tukuyu. Akasema wa kwake ana miezi mitano, yuko Tunduma kwa mama yake, na amemwona mara mbili. Wanapeleka mzigo Lubumbashi, na Tunduma ni pa kupita tu, labda foleni ya mpakani iwe ndefu. "Wenzangu wanaichukia ile foleni," akasema. "Mimi naiombea."

Sikuwa na la kumjibu. Nikachukua nazi mbili kwenye kapu nikamwambia ampelekee mama mtoto. Mkubwa wangu akaangalia nazi yake, akaikumbatia vizuri, kisha akaangalia kapu, akachomoa nyingine akampa mwenyewe. Sikumwambia afanye hivyo, na hilo ndilo nililomsimulia mama yangu kwanza kabisa tulipompigia simu.

Kulipoanza kupambazuka nyani walitokea juu ya ukingo wa zege, familia nzima, na jike mmoja mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Watoto wakasahau kwamba wana baridi. Wa kati akaomba apewe yai awape. Hapana, chakula chetu hatuwapi nyani. Wanazoea magari halafu wanagongwa. Alilia kidogo, akalila yai mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu injini moja ikaunguruma kule juu, ikafuata nyingine, mlima ukaamka. Utingo akaja mbio akatoa mawe yetu yote mawili, akayatupa mtaroni ili yasibaki barabarani, akapunga mkono akidandia lori lake lililokwisha kuondoka. Hata jina sikumuuliza.

Ilula nyanya zilikuwa zimepangwa kwenye ndoo barabarani, nyekundu hadi zinauma macho baada ya usiku ule. Iringa nikapokea usukani pale Ipogolo, baba watoto akalala kabla sijaweka gia ya tatu. Mafinga kuna ile misitu ya misonobari na ukungu, Makambako kuna upepo. Niliendesha saa nne na kusimama mara tatu, na niliipenda kila kilometa. Wa kwanza alikaa nyuma yangu akinisomea vibao vya vijiji kwa sauti ili nisisinzie, kazi aliyojipa mwenyewe. Igurusi tukanunua mchele debe moja, baba watoto akaamka akapokea.

Uyole ukikata kushoto hali inabadilika: unapanda kwanza, kisha mteremko, migomba, chai imekatwa usawa mmoja kama zulia, na manyunyu. Hapo mume wangu anaanza kuongea Kinyakyusa na barabara. Alitumia kilometa zile za mwisho kuwafundisha watoto salamu. "Bibi atasema mugonile. Maana yake, mmelala? Ninyi mtajibu, ndaga." Wakarudia, ndaga, ndaga, ndaga, mpaka mdogo naye akawa anapiga makofi.

Tulifika saa kumi jioni. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, khanga mbili mabegani, na nilijua hajaondoka hapo tangu mchana. Nilipiga goti nikamwamkia, nikamwekea mtoto mapajani. Hakumtazama usoni kwanza. Alimshika mkono wa kulia, akaukunjua, akavigusa vidole kimoja kimoja, akahamia wa kushoto. Mtoto ambaye kwa mgeni yeyote huwa analia alibaki kumwangalia kidevu.

Halafu akainua kichwa, akawatazama wakubwa wawili waliosimama na soksi zenye tope.

"Mugonile, wajukuu wangu?"

Wa kati akakumbuka, akasema ndaga. Wa kwanza akaiweka nazi yake miguuni pa bibi, akafikiri, akajibu kwa Kiswahili.

"Hapana bibi, hatukulala. Lori lilikata ekseli."