Siku ya fundi cherehani Mtwara, wiki ya bamvua

Saa 1 asubuhi. Nafungua kibanda karibu na Soko Kuu. Mwisho wa Juni ndiyo mavuno yetu: shule zimefungwa, watoto wako jandoni na unyagoni, kila ukoo unataka sare za kitenge na wote wanazitaka kesho.

Saa 3. Chai, chapati, cherehani.

Saa 5. Mama ntilie wetu hajaja, ana msiba Mikindani. Tunachanga. Fundi mkubwa, ambaye kwenye suala la kula hapingwi, anaamua: vibua wa kuchoma na ugali wa muhogo. "Mdogo wangu, chukua baiskeli, uwahi samaki Feri."

Saa 6 mchana. Kwenda Feri, kule Shangani, ni raha, upepo wa kusi unanisukuma mgongoni. Lakini kusi hilohilo ndilo limewazuia wavuvi. Mitumbwi imelala ufukweni. Vibua waliopo ni wa jana, macho yamezama. Siwataki.

Pweza sasa, tele! Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, huku kwetu maji hukauka sana kwenye saa 4 asubuhi, kina mama wakaingia mwambani kwa miguu na vijiti vyao. Hawakuhitaji chombo. Nampigia fundi mkubwa.

"Pweza anaiva saa ngapi?"

"Saa nzima, kaka, akiwa amepigwa vizuri."

"Hicho ni chakula cha jioni hicho."

Bibi muuzaji amesikia. "Mwambie huyu nimempiga mwenyewe jiweni, mwanangu. Msimwekee chumvi mapema tu, atakuwa mpira." Nanunua.

Saa 7. Kurudi ni adhabu. Upepo usoni, mchanga machoni, mfuko unaning'inia kwenye usukani, na mnyororo unachomoka mara mbili. Njiani namkuta dada anauza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini. Nabeba na hiyo.

Saa 8. Mchana wetu ukawa ming'oko, chumvi na pilipili. Fundi mkubwa alinuna mpaka alipomenya wa tatu. Pweza yuko jikoni kwa maji yake mwenyewe na kitunguu. Tui tutalitia akishalainika.

Saa 10. Tunasonga ugali. Mama mmoja anafika kugombana kuhusu gauni lake, na kwa kweli tulimwahidi saa 8. Fundi mkubwa anamvutia kigoda: "Karibu kwanza, shemeji." Mama akanawa mikono. Gauni nilimkabidhi saa 12 kasoro robo, na aliulizia mchuzi kama umebaki.